Mafuta, Punda na Dinari Mbili

Mama akirudi kutoka hospitali na habari kwamba ana saratani ya matiti, majirani hawachelewi kufika. Huyu analeta unga wa majani ya mlonge, yule manjano yaliyosagwa na kukorogwa na asali, mwingine majani makavu ya mstafeli, na wa nne ameambiwa habari ya tangawizi na kitunguu saumu vilivyochemshwa pamoja. Kila mmoja anamjua mtu aliyepona. Na kila mmoja, kabla hajaaga, humwachia mgonjwa neno lile lile: usiwe na mawazo, mawazo ndiyo yanayoua.

Hivyo ndivyo tulivyo huku kwetu, kuanzia Ndanda na Masasi hadi Newala juu ya uwanda wa Makonde. Hatumwachi mgonjwa peke yake, na hilo ni jema, maana Bwana mwenyewe alisema kwamba atakayemtazama mgonjwa amemtazama yeye. Lakini upendo wa Kikristo una swali ambalo nia njema peke yake haiwezi kulijibu. Je, tunaruhusiwa kumpa mgonjwa tumaini ambalo hatuna hakika nalo? Na tukimwambia ukweli, je, ukweli huo unatosha kuitwa upendo?

Mungu ameweka dawa ardhini

Tuanze kwa kukubali lile lililo kweli katika mikono ya majirani hao. Imani yetu haidharau mimea. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba Bwana ndiye aliyeumba dawa kutoka ardhini, na kwamba mtu mwenye akili hazikatai. Papo hapo anatuagiza tumheshimu tabibu, kwa kuwa naye ameumbwa na Mungu. Nabii Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia. Mtakatifu Benedikto, ambaye wana wake walifika Ndanda mwaka 1906, aliandika katika sura ya 36 ya Kanuni yake kwamba wagonjwa watunzwe kabla ya mambo mengine yote, na akaruhusu wale waliodhoofika sana wale nyama ili wapate nguvu. Mtakatifu Hildegarda wa Bingen, mtawa Mbenedikto aliyetangazwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012, aliandika kwa kirefu juu ya mimea na nguvu zake.

Hata dawa za saratani zenyewe, nyingi zimetoka shambani. Lipo ua dogo la waridi au jeupe tunalolipanda mbele ya nyumba, lenye asili ya Madagaska, jirani yetu katika Bahari ya Hindi. Katika majani yake wanasayansi walipata vinkristini na vinblastini, dawa ambazo zimeokoa watoto wengi wenye saratani ya damu na watu wengi wenye saratani ya tezi. Paklitakseli, ambayo akina mama wengi wenye saratani ya matiti wanatundikiwa, ilipatikana kwanza katika gamba la mti unaoota magharibi mwa Marekani. Kwa hiyo anayesema kwamba madaktari wanazichukia dawa za miti hasemi kweli.

Basi tofauti iko wapi? Iko katika kipimo na katika ushahidi. Mti ule wa paklitakseli una sumu inayoweza kuua. Ilichukua miaka mingi kujua ni sehemu gani ya gamba inayotibu, kiasi gani kinatosha, kiasi gani kinadhuru, na nani asipewe. Anayemchemshia mgonjwa sufuria ya majani hajui lolote kati ya hayo, hata kama anampenda kuliko daktari anavyompenda.

Moto unaozimika na moto usiozimika

Siku hizi tunasikia mara nyingi kwamba manjano, tangawizi na chai ya kijani "huondoa inflamesheni", na kwamba inflamesheni ndiyo mama wa saratani. Inafaa tuelewe maana yake, tusije tukanunua neno tusilolijua.

Mtu akichomwa na mwiba wakati wa palizi, kidole chake huwa chekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Huo ni mwako wa mwili. Askari wa damu wamekimbilia mahali palipoingiliwa, wanapigana na vijidudu na kukarabati palipoharibika. Kazi ikiisha, mwako unazimika. Ni kama moto wa jikoni, usipokuwapo hakuna kupika. Lakini upo mwako usiozimika, unaofuka ndani miezi na miaka, mfano wa moto wa kuandalia shamba ulioachwa bila mlinzi ukaingia msituni. Mwaka 1863 daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliona chembe nyeupe za damu ndani ya vivimbe vya saratani, na mwaka 1986 daktari Mmarekani Harold Dvorak alifananisha saratani na kidonda kisichopona. Saratani huutumia mwako huo kujijengea mishipa ya damu na kusambaa.

Ni kweli pia kwamba katika maabara, kurkumini, yaani ile rangi ya manjano, hupunguza ishara zinazowasha moto huo. Lakini kikombe cha kioo si mwili wa mama. Tukila manjano, utumbo hupokea kurkumini kidogo sana, na ini huiondoa upesi. Mwaka 2013 huko Marekani walichapisha majaribio ya wanawake 30 wenye saratani ya matiti waliokuwa wakichomwa mionzi. Waliomeza kurkumini walionekana kuungua ngozi kidogo kuliko wenzao. Habari njema! Watafiti wale wale hawakuishia hapo. Walirudia kwa wanawake 686, wakatangaza matokeo mwaka 2018: tofauti yenye uzito haikuonekana. Tuutazame uaminifu huo. Walilitamani jibu la kwanza, lakini walikubali la pili.

Lipo jambo zito zaidi. Akina mama wengi, baada ya upasuaji, humeza tamoksifeni kwa miaka kadhaa ili saratani isirudi. Mwaka 2019 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walionyesha kwamba waliotumia vidonge vya kurkumini pamoja na tamoksifeni walipungukiwa na kiini cha dawa hiyo katika damu, na wakapungukiwa zaidi pale kurkumini ilipochanganywa na kiini cha pilipili manga ili ipokelewe vizuri. Hatuzungumzii bizari ya mchuzi, ambayo mama anaweza kuila bila wasiwasi. Tunazungumzia vidonge na unga unaomezwa kila siku kama dawa. Hapo jirani mwema, bila kujua, anaweza kuwa anaondoa kwa mkono mmoja kile ambacho hospitali imempa mgonjwa kwa mkono mwingine.

Na kwa anayeiacha hospitali kabisa? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 2018, waliwalinganisha wagonjwa waliochagua tiba mbadala peke yake na wengine waliopata matibabu ya kawaida. Kwa wenye saratani ya matiti, hatari ya kufa ilikuwa zaidi ya mara 5 kwa wale walioiacha hospitali. Hawa walikuwa watu ambao saratani yao ilikuwa haijasambaa mbali, yaani wale hasa waliokuwa na nafasi ya kupona.

Kazi halisi ya chakula

Je, tuseme basi kwamba chakula si kitu? Hasha. Mgonjwa anayetundikiwa dawa za saratani anahitaji nguvu ili avumilie. Dawa hizo huondoa hamu ya kula, huleta vidonda mdomoni na kichefuchefu. Akikonda mno, matibabu huweza kusimamishwa. Na hapa Mungu hakutunyima. Kunde, mbaazi, choroko, njugu mawe, karanga, ufuta, korosho, mayai, samaki, kisamvu, majani ya maboga, embe na papai, vyote vinapatikana kwetu. Majani ya mlonge nayo ni mboga nzuri, tuyale kama mboga. Uji wenye karanga, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, humfaa kuliko chupa ya dawa isiyo na jina. Na inasikitisha mama anapouza kuku ili anunue chupa, wakati kuku yule ndiye angempa nguvu.

Kuna jambo jingine kuhusu mdomo ambalo halipendwi kusemwa. Katika vyote tunavyokula na kunywa, kinachojulikana kwa uhakika mkubwa kuwa huongeza hatari ya saratani ya matiti ni pombe, na pombe ni pombe, iwe ya chupa, iwe uraka wa mabibo. Kinachojulikana kupunguza hatari ni kunyonyesha watoto. Jirani anayeleta mzizi msimu wa mabibo, kisha akamkaribisha mgonjwa kwenye uraka, anahangaika na lisilothibitika na kuliacha lililothibitika.

"Usiwe na mawazo"

Tufike kwenye lile neno la kuagia. Msongo wa mawazo ni kitu halisi. Huondoa usingizi, hupandisha homoni za hofu, hufanya maumivu yawe makali zaidi. Lakini je, mawazo ndiyo yanayoua?

Mwaka 1989 daktari David Spiegel wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walitangaza habari iliyoshangaza wengi. Katika wanawake 86 ambao saratani yao ya matiti ilikwisha kusambaa, wale waliokutana kila wiki katika kikundi cha kufarijiana waliishi kwa wastani miezi 36, na wasiokuwa na kikundi miezi 18. Wengi wakasema: umeona, faraja hutibu! Ikabidi jambo hilo lipimwe tena. Mwaka 2001 huko Kanada walitangaza matokeo ya wanawake 235, na safari hii kikundi hakikuongeza siku za kuishi. Lakini wale waliokuwa katika kikundi, hasa waliokuwa na huzuni nyingi tangu mwanzo, walipungukiwa na huzuni na maumivu.

Sasa tujiulize kama Wakristo: je, matokeo ya pili ni habari mbaya? Ni mbaya tu kwa anayedhani kwamba faraja ina thamani pale inaporefusha maisha. Sisi hatuamini hivyo. Mariamu alisimama chini ya msalaba, na kusimama kwake hakukumwondolea Mwanawe hata saa moja ya mateso. Nani atasema alisimama bure? Kukaa na mgonjwa kuna haki yake chenyewe. Hakuhitaji kuwa dawa.

Zaidi ya hayo, neno "mawazo ndiyo yanayoua" lina mwiba ndani yake. Likiaminiwa, basi mama ambaye ugonjwa wake unazidi atajiona amejiua mwenyewe kwa kuogopa. Vivyo hivyo na maneno yanayofuatana nalo: hukuzingatia dozi ya mzizi, ulikula nyama, imani yako ni haba. Hivyo mgonjwa anabebeshwa magonjwa mawili, saratani na hatia. Wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya kipofu, nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana akakataa yote mawili. Rafiki zake Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno. Ubaya ulianza walipofungua vinywa kumweleza kwa nini anaumwa.

Na tena, mawazo ya mgonjwa yana majina. Ni nauli. Ni ada ya mtoto. Ni palizi iliyochelewa. Ni ndoo ya maji, kwa mama ambaye mkono wa upande aliopasuliwa umevimba. Ni mume, je, atanitazamaje nikiwa na titi moja? Kumwambia asiwe na mawazo hakuondoi hata moja katika hayo. Anayemtekea maji ameondoa moja.

Jibu kwa wanaopinga

Wapo watakaosema: mwacheni mgonjwa na tumaini lake, hata kama ni la uongo, tumaini halimdhuru mtu. Tanzania imewahi kulipima neno hili. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500, akisema alioteshwa na Mungu. Watu walimiminika kwa maelfu, kutoka kila pembe ya nchi na nchi jirani, wenye kisukari, wenye virusi vya UKIMWI, wenye saratani. Wapo walioondoka vitandani hospitalini, wapo walioacha dawa zao, na wapo waliofia njiani na kwenye foleni. Mzee huyo alifariki mwaka 2021, na moyo wake anaujua Mungu. Shilingi 500 si bei ya mtu anayetafuta utajiri. Lakini hapo ndipo tunapofundishwa: hata bila tamaa ya fedha, tumaini lisilopimwa lina gharama, na gharama hiyo hulipwa na mgonjwa.

Upande wa pili wapo watakaosema, nao wana haki zaidi: ninyi mnasema hospitali, lakini Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko Dar es Salaam. Kutoka Newala ni safari ya siku nzima ndani ya basi, na huko kunahitajika mahali pa kulala na chakula cha wiki nyingi. Mzizi wa jirani upo hapa, leo. Neno hili tusilipite haraka. Mtume Yakobo anamkemea anayemwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani akashibe, asimpe kitu. Anayemwambia mama maskini aende Ocean Road, kisha akarudi kwake kulala, amesema kweli, lakini yuko katika kundi hilo hilo.

Ndiyo maana tunauona mfano wa Msamaria mwema kuwa jibu kamili. Tuangalie alivyofanya, hatua kwa hatua. Kwanza alimimina mafuta na divai katika majeraha. Hiyo ilikuwa dawa ya nyumbani ya nyakati zile, alichokuwa nacho mkononi, na Bwana hakuidharau. Lakini hakuishia hapo. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akampeleka penye nyumba ya kutunzia wageni, maana alijua kwamba mafuta peke yake hayatoshi. Na hakuishia hapo pia. Alitoa dinari mbili, akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Mafuta bila punda ni kumfariji mtu huku akifia njiani. Punda bila dinari ni kumtupa mlangoni pa nyumba ambayo hawezi kuilipia.

Wajibu wetu

Walioanza kazi ya afya Ndanda walilijua hilo. Sista Thekla Stinnesbeck, daktari na mtawa Mbenedikto, pamoja na wenzake walihudumia watu wa huku nyakati ambazo ukoma bado ulionekana kuwa laana. Duniani kote siku hizo ukoma ulitibiwa kwa mafuta ya mbegu za mti mmoja wa Asia. Miaka ya 1940 zilipopatikana dawa zilizo bora, mafuta hayo yaliachwa taratibu. Anayempenda mgonjwa haoni haya kuiacha dawa aliyoizoea akipata iliyo bora. Anayeipenda dawa yake kuliko mgonjwa ndiye anayeona haya.

Kwa hiyo, jumuiya zetu ndogo ndogo zinaweza kujiwekea taratibu tatu. Kwanza, anayempelekea mgonjwa chakula au mmea wowote amhimize amwambie daktari anachotumia, bila kuficha, na kamwe asimshauri aache matibabu. Hata waganga wa tiba asili wanatambuliwa na sheria ya nchi ya mwaka 2002, na mganga mwaminifu haogopi daktari ajue. Pili, mwanamke aliyeona uvimbe au badiliko katika titi asindikizwe hospitali wiki hiyo hiyo, maana wengi kwetu hufika wakati ugonjwa umekwisha kukomaa. Tatu, pesa za korosho zinapolipwa, kila kaya itenge kiasi kidogo katika mfuko wa wagonjwa: nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji, na vibarua wa palizi wakati mama yuko Dar es Salaam. Akina mama wa WAWATA wanajua kuandaa mifuko ya namna hii. Wanachohitaji ni sisi kuijaza.

Na pale matibabu yanaposhindwa, kwa kuwa wakati mwingine yanashindwa, Kanisa linayo mafuta mengine. Katika Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa padre humpaka mgonjwa mafuta na kumwombea. Sakramenti hiyo haitoi ahadi kwamba kila mwili utapona, na wala haimwulizi mgonjwa alikula nini. Humpa nguvu, amani na ondoleo la dhambi, na humwunganisha na Kristo katika mateso yake. Kanisa lenyewe, lenye mafuta hayo, limejenga pia hospitali, na halijawahi kuona kwamba moja linafuta lingine.

Basi anayetaka kwenda kwa mgonjwa na aende, na mlonge wake mkononi kama mboga ya jioni. Akifika, aulize tarehe ya kurudi hospitali ni lini, na nauli imebaki shilingi ngapi.